Mirihi na Ramadhani ya Siku Ishirini na Nane

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi ya uchapaji lilikuwa kujaza mahali nilipoambiwa niache wazi. Niliwachapia Waislamu wa upande wetu wa River Road tangazo la sala ya Idd, nikatia ndani yake siku ambayo hakuna mtu aliyenipa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa na hakika.

Nalitaja kosa mapema kwa sababu nisipolitaja litanisumbua mpaka mwisho wa maandishi haya. Mimi ni mtu wa kusumbuliwa. Nikifunga mlango asubuhi, narudi kuusukuma mara mbili nione kama kweli umefungika. Nikiandika barua nikakosea neno ukurasa wa tatu, naanza upya ukurasa wa kwanza. Dada yangu, ambaye nilikaa naye Riruta tangu nilipoletwa Nairobi kutoka kwetu magharibi, alikuwa akisema, "Wewe ukifa utafufuka uangalie kama wamechimba kaburi sawasawa."

Habari za anga zilinikuta kwa kinyozi, mwaka wa sitini na tisa. Nilikuwa darasa la saba, na mwalimu alikuwa amenirudisha nyumbani asubuhi ile kwa sababu ya nywele ndefu. Redio ya kinyozi ikasema watu wawili wametembea juu ya mwezi. Kinyozi akasimamisha mashine yake. Mzee aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akatoka nje na kitambaa shingoni, akatazama juu.

"Mbona mwezi wenyewe haupo?" akauliza.

"Wameuchukua," kinyozi akamjibu. "Rudi ukae, mzee, kabla hawajakuchukua na wewe ukiwa nusu hivyo."

Jioni mwezi ulipoonekana, wapangaji wote wa ploti yetu walisimama uani. Mama mmoja muuza maharagwe aliapa kwamba anawaona, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Dada yangu hakuangalia sana. Aliuliza tu, "Na kule wanapikia nini? Kuni ziko?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikujua jibu, na kutojua jibu kulinikera kama kokoto ndani ya kiatu. Nadhani kila kitu kilianzia hapo.

Nafasi ya sekondari sikuipata. Nilichopata ni karatasi za Kileleshwa. Dada alikuwa akifanya kazi katika nyumba moja huko, mtaa wa matajiri, akienda asubuhi na kurudi jioni, na bwana wa nyumba ile alikuwa mpenda nyota. Majarida yake akishayasoma yaliwekwa kando ya jiko kwa kuwashia moto, na dada akawa anayaokoa na kuniletea ndani ya kikapu, chini ya sukuma wiki. Mengine yalinuka vitunguu. Nilijifundisha Kiingereza cha sayari kwa kamusi isiyokuwa na jalada, neno kwa neno, na nilichokielewa nilikiandika upya kwa Kiswahili katika daftari. Kila mwaka bwana yule alinunua pia kijitabu chembamba cha majedwali: jua linachomoza lini, sayari gani iko wapi, mwezi unaanza lini na kujaa lini. Ikifika Machi amekwisha kukichoka. Kuanzia Machi kilikuwa changu.

Nakiri kwamba elimu ile haikunifanya mtu mzuri. Nilikuwa nikisikiliza watu ili niwakamate. Jumapili moja mhubiri alisema nyota ni taa ndogo ndogo, nami nikanyoosha mkono kanisani. Dada aliushusha mkono wangu kwa nguvu kiasi kwamba nilibaki na alama ya kucha zake mpaka Jumatano.

Nilipata kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji River Road, orofa ya chini, kati ya duka la misumari na bati na nyumba ya kulala wageni. Kazi yangu ilikuwa kupanga chapa: unachukua herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye trei, unazipanga kinyumenyume, unafunga mistari kwa kamba, unatoa karatasi ya majaribio, unasahihisha, ndipo mashine inaachiwa. Mtu wa wasiwasi hawezi kupata kazi bora kuliko hiyo. Msimamizi wetu, Mkamba mnene mwenye sauti ya padri, alinipenda na kuchoka nami kwa wakati mmoja. "Huyu kijana," aliwaambia wateja, "ukimpa kadi ya harusi anataka kwanza kujua kama bibi harusi amekubali."

Miongoni mwa wateja wetu alikuwa Maalim, mwenyeji wa Mombasa, aliyefundisha watoto Kurani katika madrasa ya nyuma ya msikiti mdogo, mtaa wa pili kutoka kwetu. Alikuwa mtu mwembamba, kofia yake safi sikuzote hata mvua ikinyesha, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho kisha anyamaze kidogo kabla ya kujibu. Mwanzoni nilidhani hasikii vizuri. Baadaye nikagundua ndiye mtu mzima wa kwanza aliyewahi kunisikiliza.

Mwaka wa sabini na sita, katikati ya mwaka, Wamarekani walitua tena, safari hii si mwezini. Chombo kisicho na mtu kilishuka juu ya sayari ya Mirihi, kikapiga picha za mawe. Gazeti liliweka picha hiyo ukurasa wa mbele, nyeusi na nyeupe, na nikakimbia nayo hadi madrasani kabla sijanywa chai. Maalim aliishika mbali na macho, kisha karibu.

"Hapa si njia ya Garissa?" akauliza.

"Ni Mirihi, Maalim."

"Basi njia ya Garissa nimeipita kwenye lori mara nne, na mawe ni haya haya." Akacheka, kisha akairudia picha. "Na wanatafuta nini huko?"

Nikamwambia. Chombo kina mkono wa chuma. Kitachota udongo, kitautia ndani ya vyungu vidogo tumboni mwake, kitaunyunyizia maji yenye chakula, kisha kitangoja kuona kama kuna chochote kinachokula na kupumua. Hewa ikitoka, huenda kuna vijidudu. Huenda kuna uhai.

Wiki chache baadaye habari ikaja: hewa imetoka. Ramadhani ilikuwa imeanza, na nilipomwambia Maalim, alipiga makofi mara moja.

"Subhanallah! Udongo umefuturu!"

Siku hiyo hiyo akaniambia jambo lililoninyima usingizi. Kila mwaka Idd Pili, siku ya pili ya sikukuu, asubuhi, watoto wa madrasa na wazazi wao hukusanyika uani kwa mashairi na halua. Mwaka huu angependa niwaambie habari za Mirihi, kwa robo saa. Mimi, mwanafunzi wa majarida ya kuwashia moto, nisimame mbele ya watu nifundishe. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba hivyo. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Nilianza kuandika hotuba usiku ule ule. Niliiandika mara saba. Mstari wake wa kwanza ulisomeka: *Uhai umepatikana katika sayari ya Mirihi.* Niliupenda mstari huo kwa sababu haukuwa na "huenda" ndani yake.

Katikati ya shughuli hiyo ndipo Maalim alipoleta kazi ya tangazo la sala ya Idd, kama alivyoleta kila mwaka. Aliandika kwa mkono wake mzuri: mahali pa sala, saa ya sala, mahali pa kukusanyika. Mbele ya neno *siku* aliacha nafasi. "Hapa acha wazi," akaniambia, akipagusa kwa kidole. "Tutajaza kwa kalamu mwezi ukiandama."

Nilipanga chapa yote. Nikaitazama ile nafasi. Ilikuwa katikati kabisa ya tangazo, kama pengo la jino la mbele. Nilikuwa na kijitabu cha Kileleshwa mfukoni, na kijitabu kilisema wazi kwamba mwezi unaanza upya Alhamisi. Niliwaza: watauona Alhamisi jioni, Idd ni Ijumaa, na Maalim atashangaa kwamba kijana wa kiwandani anaweza kumwambia mwezi kabla ya mwezi wenyewe. Nilipanga neno *Ijumaa* kwa herufi nene. Nilisahihisha karatasi ya majaribio mara nne. Hapakuwa na kosa hata moja la herufi.

Matangazo yakaenda, mengine yakabandikwa madukani. Kesho yake, kabla ya saa nne, Maalim akaingia kiwandani na karatasi mkononi.

"Mwanangu," alisema, "leo ni mwezi ngapi Ramadhani?"

Sikujua. Sikuwahi kuhesabu siku za mfungo.

"Basi hesabu nami." Akahesabu kwa vidole, polepole, mbele ya msimamizi na wateja wawili, tangu siku ya kwanza ya mfungo hadi Alhamisi niliyoichagua. Vidole vikaishia ishirini na nane. "Mwezi wa Kiislamu una siku ishirini na tisa au thelathini. Tangu Mtume mpaka leo hakuna aliyefunga ishirini na nane. Watoto wangu wamefurahi sana. Mmoja ameniambia yule fundi wa chapa ndiye apewe uimamu."

Msimamizi aliichukua ile karatasi, akaisoma, akaniangalia. "Wewe kijana, hii Ijumaa ni nani alikwambia?"

Nikatoa kijitabu. Nikaeleza. Nilivyokuwa nikieleza ndivyo nilivyosoma, kwa mara ya kwanza, maelezo madogo ya chini ya jedwali, yale niliyoyaruka kwa sababu niliona najua. Siku ile kwenye kitabu ni wakati mwezi unapopita karibu na jua, umezama katika mwanga wake, hauonwi na mtu yeyote popote. Wa kuonekana huja jioni inayofuata, au ya pili yake. Isitoshe, saa yenyewe iliyoandikwa, kwa Nairobi, ilikuwa inaangukia Alhamisi usiku, jua limekwisha kutua zamani. Kitabu hakikukosea. Mimi ndiye niliyekifanya kiseme.

"Na hotuba ya Idd Pili?" nikauliza.

Maalim aliichukua tena karatasi kwa msimamizi, akaikunja. "Watu wataniuliza: huyu aliyekosea mwezi, ambao tunauona sote, tumwamini vipi habari za Mirihi? Sina jibu la kuwapa. Mambo ya Mirihi tutaona. Kwanza turudishie siku yetu."

Tulirudisha. Nilizunguka madukani kukusanya matangazo, na habari ilikuwa imenitangulia. "Karibu, Bwana Ishirini na Nane!" akasema muuza vitambaa. Yule wa misumari, ambaye hata si Mwislamu, aliniuliza kama naweza kumpunguzia siku za mwezi wa kodi. Kiwandani nilibuni njia ya kuokoa karatasi: nilipanga ukanda wa mapambo, nyota ndogo ndogo nane zilizobanana, nikaupitisha mashineni juu ya ile Ijumaa mpaka ikafunikwa. Chini yake nikaacha mstari mtupu wa kalamu. Msimamizi alishika tangazo moja, akaligeuza huku na huku. "Sasa linapendeza kuliko kwanza," alisema. "Lakini usizoee."

Dada nilimwambia kila kitu jioni ile, akachekea ndani ya sufuria. Alipoona sicheki, akaweka mwiko chini. "Unaogopa nini hasa? Kazi hawajakufukuza."

"Hawataniruhusu kusema."

"Na ukiruhusiwa utasema nini?"

Nikamsomea ule mstari wa kwanza. Akaniuliza, "Wameviona hivyo vidudu?" Nikasema hewa imetoka. Akasema hata uji ukichacha hutoa hewa. Nilikasirika, nikakunja karatasi, kisha nikaikunjua tena nisiiharibu.

Ijumaa, siku ya ishirini na tisa, Maalim alituma mtu kuniita. Nikamkuta juu ya dari la jengo la msikiti, sehemu ya kuanikia nguo, pamoja na wazee wanne na kina mama waliokuwa wakianua shuka. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kileleshwa na kwetu Riruta, na chini yetu maduka yalikuwa yakishusha milango ya bati kwa kishindo. Lilipotua walifuturu kwa tende wamesimama, macho hayatoki magharibi. Mimi nilikuwa na majedwali kichwani. Nilijua mwezi utakuwa juu kiasi gani na umbali gani kushoto mwa mahali jua lilipotua. Nilitazama pale pale. Niliona rangi ya chungwa, na wingu jembamba, na antena.

"Ule pale," akasema mama mmoja, vibanio vya nguo mdomoni. "Juu ya ule waya."

Hakuna aliyeshangilia. Maalim alimgeukia kwanza, akamwuliza kama wakili: mwezi umelala vipi? Pembe zake zinaelekea wapi? Mama akajibu kwamba umelala chali kama bakuli, pembe juu, upande mmoja mnene kidogo. Mzee wa kwanza akauona. Wa pili akauona. Wa tatu akasema "Allahu akbar" na machozi yakamtoka. Walikuwa wakinyoosha vidole, wakinishika mabega, wakinigeuza kichwa. "Fuata kidole changu! Hapo! Huoni?"

Sikuona. Miaka mitatu ya herufi ndogo chini ya balbu moja ilikuwa imeyachosha macho yangu, nami sikuwa nimekubali hata mwenyewe. Mwezi ulikuwa unashuka. Maalim akaja mbele yangu.

"Na wewe, mwanangu? Umeuona?"

Nitasema ukweli: neno *ndiyo* lilikuwa tayari ulimini. Mwezi ulikuwa pale, wazee wameuona, majedwali yanakubali, hakuna ambaye angejua. Na hotuba yangu ilikuwa inaning'inia kwenye neno hilo moja. Nani angempa robo saa kijana aliyekosea mwezi kwenye karatasi, kisha akashindwa kuuona mbinguni?

"Sijauona, Maalim," nikasema. "Najua uko wapi. Lakini sijauona."

Wale kina mama wakacheka. Mmoja akasema, "Masikini, Bwana Ishirini na Nane hana macho!" Maalim hakucheka.

"Andikeni *Jumamosi*," aliwaambia wazee. Kisha akaniambia mimi, "Jumapili njoo saa tatu. Robo saa, si zaidi. Wakiniuliza kwa nini nakuamini, sasa nina la kuwajibu."

Jumamosi nzima niliishughulikia hotuba. Niliufuta mstari wa kwanza. Nilirudia kusoma magazeti yote, nikaona kile nilichokuwa nimekiruka: hewa imetoka kweli, lakini kipimo kingine kilipotafuta katika udongo ule ule mabaki ya vitu vilivyo hai, hakikupata kitu, na wataalamu wenyewe walikuwa wanabishana. Niende mbele ya watu niseme kwamba haijulikani?

Nilikwenda na boga kubwa la sokoni Riruta, na karatasi ya kukunja yenye punje za mtama na wimbi. Uani palikuwa na kanzu mpya na kelele. Nikaweka boga mlangoni mwa madrasa: hili ni jua. Nikampa msichana mmoja punje ya mtama nikahesabu naye hatua arobaini na saba, mpaka nje ya geti: hii ni dunia, na sisi sote, na Idd yetu, tumo ndani yake. Kisha nikampa mvulana mwenye kofia kubwa punje ya wimbi, tukaendelea hadi hatua sabini na moja, mbele ya duka la fundi cherehani. Hii ni Mirihi.

"Na Wamarekani," akauliza Maalim kutoka kwenye boga, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "wametoka kwenye mtama wakaipiga wimbi?"

"Ndiyo, Maalim."

"Bila kuikosa?"

"Bila kuikosa."

Wakati huo huo yule mvulana akaanza kulia. "Mirihi imeanguka!" Watoto wote wakapiga magoti kando ya barabara kutafuta sayari. Fundi cherehani akatoka na sumaku yake ya sindano kusaidia, akaambiwa wimbi haishikwi na sumaku. Hatukuipata. Nilitoa punje nyingine, na robo saa yangu ilikuwa imekwisha zamani lakini hakuna aliyenikumbusha.

Ndipo yule mama wa vibanio akauliza swali lenyewe. "Sasa tuambie. Huko kuna viumbe au hakuna?"

Watu wakasogea karibu.

"Haijulikani," nikasema. "Udongo umetoa hewa, na hawajui kama ni kiumbe kilichopumua au ni udongo wenyewe tu. Bado wanatafuta."

Nilingoja wanizomee. Mama yule akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. "Mungu hajamaliza kutuonyesha," alisema, akanipa kipande cha halua. Watoto wakanizunguka wakiuliza mengine kumi, na matano kati ya hayo sikuyajua, nikasema hivyo hivyo kila mara, na kila mara wakauliza lingine.

Ni miaka mitatu sasa. Nimevaa miwani. Bado nasahihisha kila karatasi mara nne na bado narudi kusukuma mlango. Kila Idd Pili naalikwa, na kila Jumamosi watoto saba wa madrasa na wawili wa kanisani kwetu huja Riruta kusoma nami habari za anga. Nikiulizwa nisilolijua, nasema sijui, na usiku nalala.